Nimekatwa mfuko wa chakula, wiki ya tisa sasa: shibe naitambuaje?

MpishiWaShughuli, Dar es Salaam

Wapendwa, shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za usiku.

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, hitima, arobaini. Wiki tisa zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wanaouita slivu, ambao mfuko wa chakula unakatwa ukabaki kama robo yake, mwembamba mfano wa ndizi. Niliingia na kilo 138. Juzi mizani imesoma 119. Sukari imeshuka, magoti yananibeba, ngazi za nyumbani napanda bila kusimama katikati. Kwa hilo namshukuru Mungu, na sijajuta hata siku moja.

Kinachoninyima usingizi ni kitu nilichodhani kila mtu anazaliwa nacho. Sijui tena nimeshiba saa ngapi.

Zamani shibe yangu ilikuwa hapa chini, usawa wa fundo la kanga. Kanga ikibana nalegeza fundo, nanyoosha miguu mkekani, nasema alhamdulillahi. Hiyo ndiyo shibe niliyoijua tangu nalelewa na bibi Pangani. Sasa naisubiri palepale na haiji, tumbo liko kimya. Njaa nayo kimya. Kuna siku nimeshinda jikoni toka alfajiri hadi saa tisa alasiri bila kutia kitu mdomoni, nikaja kushtuka miguu inatetemeka na macho yanaona giza.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi Kigamboni, watu 240. Mimi ukinitajia watu 240 najua papo hapo ni mchele kilo 40, sihitaji karatasi. Lakini sahani yangu mwenyewe siku hizi siwezi kuipima. Nilionja chumvi kwenye supu, nikaonja tena baada ya kupalia makaa juu ya mifuniko, kisha wasichana wakanitengea pilau kidogo na kipande cha nyama. Nikala nimesimama, haraka, maana wageni wa bwana harusi walishaanza kuingia. Tonge la tatu lilipita vizuri kabisa. La nne halikushuka. Lilikwama katikati ya kifua kama mtu ameweka ngumi kwa ndani. Mate yakajaa mdomoni, mazito, yenye povu, nikimeza yanarudi. Nikaenda nyuma ya turubai, nikainama karibu na magunia ya mkaa karibu nusu saa, hadi lilipotoka lenyewe. Wifi yangu akanifuata, akawa ananisugua mgongo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba.

Halafu uji wa ulezi, huo nakunywa kikombe kizima na nusu ya cha pili, hata sijui kama nimekunywa. Sasa kipi nikiamini? Tonge nne zinaniua, vikombe viwili vya uji havijulikani vilikokwenda.

Siku ya kuruhusiwa niliambiwa, "Kula polepole, ukishiba acha." Nikaitikia kama nimeelewa. Mliopitia njia hii, shibe yenu mpya inakaa wapi? Inakujaje? Na mkikaa na watu kwenye sinia mnafanyaje? Mama mkwe yuko kwangu tangu mwezi uanze, na kila nikisukuma sahani uso wake unabadilika.

SistaWodini, Dodoma

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi. Kabla ya yote nijibu hili: umetapika mara ngapi tangu wiki ya nne? Tonge moja kukwama kwa sababu umekula mbiombio, hilo linatokea. Lakini ukitapika siku mbili tatu mfululizo, au maji yenyewe hayakai, usijiuguze nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1, na ikiisha kinachoumia ni mishipa ya fahamu na ubongo. Mtu anaanza kuyumba akitembea, anaona vitu viwiliviwili, anachanganyikiwa. Nalisema kwa sababu watu wanaona aibu wanakaa kimya.

Sasa swali lako. Sehemu waliyokutoa ndiyo iliyokuwa inatanuka. Ile ya juu, ya mviringo, ndiyo iliyokuwa inapokea sahani nzima ya pilau bila kulalamika, na ndiyo pia inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Imeondoka, ndiyo maana njaa imenyamaza. Kilichobaki ni mrija mgumu, hautanuki kama zamani. Kwa hiyo usisubiri kujaa polepole kule kwenye fundo la kanga. Mfuko wa chakula hata zamani haukuwa chini ya kitovu, uko juu, chini ya mbavu za kushoto. Dalili ya sasa itakuja hapo juu, chini ya mfupa wa kifua, na itakuja ghafla.

Uji ni kimiminika, unateremka. Chakula kigumu kinakaa. Ndiyo maana tunasema anza na kinachokaa na kinachojenga mwili: samaki, yai, kuku laini, maharage yaliyopondwa. Lengo lako kwa siku ni protini gramu 60 au zaidi kidogo. Yai moja lina gramu 6, samaki wa gramu 100 ana kama 20, kwa hiyo uone mwenyewe kwamba uji mtupu hautakufikisha. Maji kunywa kidogo kidogo siku nzima, ila si pamoja na chakula. Ukimaliza kula subiri nusu saa.

Na usingojee njaa ikuite, kula kwa saa kama mtu anayemeza dawa. Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Magoti yakiuma usinunue diklofenaki duka la dawa, inachoma mfuko wa chakula. Parasetamo inatosha, ikishindikana muone daktari.

Mwana_wa_Kisauni, Mombasa

Dadangu, pole na hongera. Mimi nilifanyiwa baipasi mwaka wa 2020. Yangu ni tofauti kidogo na yako, mimi nimebakishiwa kifuko cha mililita 30 hivi kisha utumbo ukaunganishwa upya, lakini hilo la shibe tulilipitia sote. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nikiogopa kukaa mezani.

Nikueleze kilichonifungua macho. Hapa kwetu mtu hushiba, hutosheka, hukinai, na huvimbiwa. Maneno manne, na kila moja lina mahali pake. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nikivimbiwa, na nikiita ile shibe. Ile ya kulegeza saruni na kuegemea ukuta ni kuvimbiwa, dadangu. Kutosheka sikuwahi kukujua, nilikuwa nakupita mbio kama matatu inayopita stejini. Sasa mwili umeondoa kuvimbiwa, ukikupita kutosheka kuna ngumi ya kifua tu. Kwa hivyo hutafuti shibe ya zamani katika pahali papya. Unatafuta kitu kingine, kidogo zaidi, kilichokuwako siku zote na hukukisikia.

Changu mimi kiko puani. Wallahi si mzaha. Aliyekigundua ni mke wangu. Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 48, naandika nilichokula na kama kilikaa. Yeye alikuwa akinitazama tu. Siku moja akaniambia, "Kila siku unayokula kwa amani, hupiga chafya moja halafu ukaacha. Na kila siku unayokwenda kutapika, hupiga chafya halafu ukaongeza." Tukarudi kwenye daftari, tukaanza kuandika na chafya. Alisema kweli. Chafya moja, au tundu la pua la kulia kuanza kutoa maji, ndiyo mwisho. Kwikwi ikija nishachelewa tonge moja. Maumivu ya kifua yakija nishachelewa tonge mbili.

Watu niliowauliza kila mmoja ana yake. Kuna mama wa Likoni humtoka pumzi ndefu bila kutaka, kama mtu aliyetua mzigo. Kuna kijana hujisikia ladha imekufa, samaki yuleyule aliyekuwa mtamu anakuwa kama karatasi. Yako utaipata, lakini ukila umesimama, wageni wanaingia, makaa yanawaka, hutaisikia kabisa. Ni sauti ndogo. Na huchelewa kufika, kwa hivyo lazima wewe uipunguzie mwendo.

Namna nilivyoipunguzia: tonge la ukubwa wa kokwa la tende, si zaidi. Natafuna mpaka liwe uji mdomoni. Likishapita, mkono naulaza juu ya goti. Hapo ndipo pagumu, maana mkono umezoea kurudi sahanini kabla mdomo haujamaliza. Tonge tatu, kisha nasubiri kama dakika mbili na kujiuliza, pua yasemaje, kifua chasemaje. Samaki kwanza, mboga, wali mwisho kama nafasi ipo. Mlo wangu wa mwanzo ulikuwa kijiko cha chai kwa dakika 25, na nilikuwa nikiweka simu mbele yangu kuhesabu.

Wali uliochambuka ni mgumu kuliko bokoboko, ujue hilo wewe mpishi. Mkate mweupe hugeuka donge. Ugali mimi niliuacha mwaka mzima. Nyama ya ng'ombe ndiyo ya mwisho kabisa kurudi. Na juisi ya miwa nilijaribu mara moja, gilasi moja baada ya swala ya alasiri. Dakika 20 hazikutimia, moyo ulikuwa ukinienda mbio, jasho limeniloa kanzu, tumbo linakata, nikalala sakafuni msikitini na kofia usoni. Ndiyo desturi ya baipasi na sukari, huingia kwenye utumbo kwa kishindo. Slivu huwa nafuu kwa hilo, lakini usiijaribu.

Sinia: usikose kuketi. Mimi napakuliwa kwenye kisahani cha kikombe, nakiweka pembeni ya sinia, nakula na wenzangu, nazungumza. Nikimaliza mkono unabaki pale pale mezani. Watu hawaangalii sana kama tunavyodhani. Mama mkwe mwambie kwa lugha yake. Mimi mamangu alilia siku ya kwanza aliponiona nimeacha biriani, akadhani nimelirudisha pendo lake. Nikamwambia, "Mama, nipikie kidogo, lakini nipikie wewe." Toka siku hiyo hunipikia changu kwenye kisufuria alichokuwa akipashia maziwa.

Ramadhani ya kwanza sikufunga, daktari alinikataza. Maji ya siku nzima huwezi kuyanywa baina ya magharibi na alfajiri kwa kifuko kama hiki. Kaa na daktari wako, na shekhe wako pia, kabla haijafika.

PutoMiezi6, Arusha

Mimi sikukatwa, niliwekewa puto tumboni miezi sita kisha likatolewa kama ilivyopangwa. Nakuja kuongeza jambo moja tu. Puto lilipokuwemo nilitegemea puto. Likinibana naacha. Sikujifunza kitu. Lilipotoka njaa ilirudi yote, na kilo 7 kati ya 16 nilizopunguza zimerudi. Ninyi mliokatwa mfuko haurudi ulivyokuwa, lakini naambiwa hata huo mrija unazoea kadiri miaka inavyokwenda, na njaa inaweza kuamka. Kwa hiyo huo ukimya ulionao sasa dada, utumie kusoma. Mimi nilikuwa nao miezi sita nikauchezea.

Na hivyo vitu vinavyoteleza, uji, biskuti ya kulowekwa kwenye chai, krispi, aiskrimu, angalia sana. Ndivyo vilivyonirudisha. Havikwami, havishibishi, na vinaingia siku nzima.

Mdau_Mbezi

Samahani, sitaki kumuudhi mtu. Mama yangu ana kilo nyingi na kisukari, tunazungumzia jambo hili nyumbani. Kama baada ya kukatwa bado mtu anatakiwa kuhesabu tonge na kuandika daftari, si angehesabu hizo tonge bila kisu?

MpishiWaShughuli

Hujaniudhi, mwanangu. Nilihesabu tonge miaka 15. Nilipunguza kilo 20 mara mbili, na mara zote mbili zilirudi na wenzake. Nilikuwa nahesabu huku njaa inanipigia kelele usiku na mchana, nalala naiota, naamka nayo. Sasa nahesabu kwenye nyumba iliyotulia. Mpeleke mama akaongee na daktari, asikie mwenyewe, aamue mwenyewe.

Sista, nimetapika mara nne tangu wiki ya sita, zote nikiwa kazini. Maji yanakaa.

SistaWodini, Dodoma

Zote nne kazini. Basi umeshajijibu nusu ya swali.

MpishiWaShughuli (baada ya siku 16)

Nimerudi, nilisema nitaleta majibu.

Nilinunua daftari. Siku tatu za mwanzo nililia nalo. Kula tonge la kokwa la tende kwa mtu aliyezoea kujaza kiganja ni kazi, na kuulaza mkono gotini nilikuwa nausahau kila mara, mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa ananigusa kiwiko. Nimekula nimekaa, mlango wa jikoni umefungwa, simu mbele yangu.

Siku ya tano nilipika samaki changu wa kuchemsha, ndimu na nyanya, nikamchambua miiba kwa vidole. Kwenye kisahani cha kikombe nikaweka kama kiganja cha mtoto, na wali wa nazi uliolainika kijiko kimoja. Tonge la saba nikavuta pumzi. Sikuivuta mimi, ilijivuta yenyewe, ndefu, mabega yakashuka. Nikasimamisha mkono. Nikasema moyoni, ndiyo hii ya mama wa Likoni? Nikaangalia kisahani, samaki alikuwa amebaki vipande viwili na utamu wake bado uko ulimini. Sijawahi kuacha chakula kingali kitamu. Nikafunika.

Kesho yake tonge la nane, pumzi. Siku ya saba nikaipuuza makusudi ili nione, nikaongeza tonge moja. Kwikwi. Nikaacha hapohapo, ikapita, haikufika kwenye povu. Toka hapo nimeamini. Katika siku hizi 16 nimetapika mara moja tu, kwa yai la kukaanga lililokauka.

Kitu kingine nimekigundua kwenye daftari na hakuna aliyenionyesha: kuonja nako ni kula. Siku ya shughuli nilikuwa naonja vijiko hata 12 kabla ya kutengewa sahani, na hivyo vijiko sikuwahi kuvihesabu maisha yangu yote. Yaani siku ile Kigamboni tonge la nne halikuwa la nne. Lilikuwa kama la kumi na sita. Nimekaa na hilo usiku mzima.

Mama mkwe nilimwambia maneno ya Mwana_wa_Kisauni karibu kama yalivyo. Akanyamaza. Jioni nikamkuta jikoni anaponda choroko kwa mwiko kwenye sufuria ndogo, nazi ya pili tu, bila pilipili. Akaniwekea kwenye kifuniko cha chupa ya chai, kile kinachotumika kama kikombe. Akakaa mbele yangu, akawa anatafuna taratibu kama mimi, hadi nilipovuta pumzi. Akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo hiyo mama. Akafunika sufuria.

Uji nimeuacha asubuhi, nakunywa maziwa ya mgando na yai la kuchemsha lililopondwa. Saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja usiku, simu inalia nakula, niwe na hamu nisiwe nayo. Mizani 116.

Nyama bado sijaigusa. Mwana_wa_Kisauni, wewe uliianza mwezi wa ngapi, na uliianza ya kusaga au ya mchuzi? Kesho nina hitima Temeke, watu 150. Chumvi ataonja binti wa dada yangu. Mimi nitakuwa nimekula saa nne, nyumbani, nimekaa.